Meneja anataka niwafumbishe macho wenzangu kila asubuhi. Niendelee?

"Assalaam alaykum. Mimi ni msimamizi wa mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, Unguja. Miezi miwili iliyopita meneja wetu, ambaye ni mgeni kutoka nchi za nje, alinipeleka Dar es Salaam kwa mafunzo ya siku mbili ya uzingativu: kukaa, kufumba macho, kufuata pumzi. Nilirudi na kengele ya bakuli na rikodi ya sauti ya mawimbi, nikaambiwa niwaongoze wenzangu 14 kila siku saa moja kasorobo asubuhi, robo saa kabla ya zamu kuanza. Wawili wamekataa, wanasema hiyo ni ibada ya dini nyengine. Wiki iliyopita kijana mmoja wa upande wa boti alianza kutetemeka tukiwa tumefumba macho, akatoka mbio, na tangu siku hiyo ananikwepa. Mimi mwenyewe nikijaribu kuondoa mawazo kichwani siwezi hata dakika moja, na siku nyengine nasinzia, basi naona nawadanganya wenzangu. Na kuna jengine. Tangu watu watatu waache kazi hawajaletwa wengine, na tunafanya zamu ya masaa 12, siku sita kwa wiki. Mwenzangu mmoja alinambia, 'Wanatufunza kuvuta pumzi ili tusipige kelele.' Nilikosa jibu. Je, niendelee au niache?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Swali lako lina maswali manne ndani yake, na lile la mwenzako ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia. Lakini wacha nianze na wewe mwenyewe, maana dhana yako ikikaa upande utaigawa hivyo hivyo kwa watu 14 kila asubuhi.

Umeandika kwamba unajaribu kuondoa mawazo kichwani na huwezi. Huwezi, na mimi siwezi, na aliyekufundisha Dar es Salaam naye hawezi. Akili hutoa mawazo kama moyo unavyopiga. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha kazi waliyoifanya kwa simu: watu wazima 2,250 walikuwa wakiulizwa kwa kushtukizwa, sasa hivi unafanya nini, na akili yako iko wapi? Ilionekana kwamba asilimia 46.9 ya nyakati hizo akili haikuwa kwenye jambo lililo mkononi. Karibu nusu. Na watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili ilipokuwa imetoka kuliko ilipokuwepo. Kwa hiyo ukikaa dakika kumi, na tano katika hizo ukazimalizia Darajani kwenye maduka ya vitambaa, wewe ni mzima kama sisi wengine.

Zoezi lenyewe liko kwengine. Mkumbuke bibi yako akichagua mchele kwenye ungo. Anazisogeza punje kwa kidole, anaona chuya, anaitoa. Anaona kijiwe, anakitoa. Mara jicho linamhama anamtazama kuku anayesogelea, anamfukuza, anarudi kwenye ungo. Hujapata kumsikia akisema leo nimeshindwa kuchagua mchele kwa sababu nimekuta chuya. Kuiona chuya ndiyo kazi. Basi nawe ukikaa ukafuata pumzi, akili ikaenda kwenye deni la duka, kisha ukajistukia "aa, nimeondoka", kule kujistukia ndiko tunakokutafuta. Aliyejistukia mara 30 amefanya zoezi mara 30. Tofauti ni moja tu: chuya unaitupa, ama wazo hulitupi. Unalitambua, unaliacha pale pale, unarudi kwenye pumzi.

Ndiyo maana silipendi jina la "utulivu wa akili" ambalo baadhi ya wakufunzi wanalitumia. Utulivu siku nyengine huja, siku nyengine hauji, na anayeahidiwa utulivu akakosa hujiona ana kasoro. Kwetu tuna neno zuri zaidi na tunalitumia kila siku tunapozungumzia sala: kuhudhurisha moyo. Mtu amesimama kwenye safu, kiwiliwili kipo, moyo uko sokoni. Huyo moyo wake haujahudhuria. Uzingativu ninaouzungumzia hapa ni huko kuhudhuria tu, kwenye jambo lolote unalolifanya, bila ya kujitia hukumuni kila unapoteleza.

Umeshaona ninakoelekea kuhusu wale wawili waliokataa. Usiwahisabu kuwa wajinga, kwa sababu wana hoja. Mazoezi haya yana asili katika tafakuri za Kibudha, na asiyelisema hilo mbele ya Waislamu wa Zanzibar hawatendei haki. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, ambaye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha, aliyachukua akayapeleka katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo madaktari walishindwa kuyamaliza. Aliondoa ibada, masanamu na itikadi, akabakisha zoezi la kuzingatia pumzi, mwili na fikra. Akalipanga kwa wiki nane, kila wiki kikao cha kama saa mbili na nusu, na mazoezi ya kila siku nyumbani. Huo ndio muwa wenyewe. Wewe umepewa juisi iliyotiwa maji ikawa siku mbili, kisha unatakiwa uiongeze maji iwe robo saa, halafu watu wategemee utamu ule ule.

Sasa, mimi ni mwanasaikolojia, si shekhe. Hukumu ya dini waulize wenye elimu yao, nao wenzako waulize mashekhe wao. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kuichunga nafsi na kuhudhurisha moyo si mambo mageni kwetu. Suratul Muuminun inaanza kwa kuwasifu waumini ambao katika sala zao ni wanyenyekevu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kirefu juu ya muraqaba na muhasaba, yaani mtu kujichunga na kujihisabu. Lakini usiukimbilie mlango huo kwa pupa ukawaambia wenzako "hii ni sawa na dhikiri tu". Si sawa. Dhikiri ina Anayekusudiwa; zoezi la hotelini linakusudia shingo isikaze. Nimepata kumsikia mkufunzi akiwashauri watu wasali kwa sababu sala inapunguza presha, na mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, mimi sisali kwa ajili ya presha." Nikaona mzee kamaliza.

Kwa hiyo kengele ya bakuli irudishe kwenye sanduku lake. Haina kazi yoyote ambayo saa ya ukutani haiwezi kuifanya, na inafanana sana na vitu vya hekaluni. Miguu ya kukunja na mikono juu ya magoti, acha. Watu wasimame au wakae vitini kama wanavyokaa siku zote. Na asiyetaka asiulizwe sababu. Tena asibaki peke yake mlangoni kama aliyetolewa darasani. Mpe shughuli ya kawaida, apange funguo au asome orodha ya wageni wanaoingia. Zoezi la kuzingatia likifanywa kwa lazima, wanachokizingatia watu ni mdomo wa anayewalazimisha.

Nije kwa kijana wa boti. Hapa nakuomba usome taratibu.

Tunaambiwa kila siku kwamba kufumba macho na kufuata pumzi hakuna madhara. Kwa wengi ni kweli. Kwa baadhi si kweli, na yapo mambo ya kawaida kabisa yanayolieleza hilo. Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha huwa amejijengea ulinzi: anajishughulisha, anaangalia milango, anaweka redio, hakai kimya. Wewe unamwambia afumbe macho, anyamaze, aende ndani ya mwili wake. Umemwondolea kuta zote nne kwa pamoja. Pumzi yenyewe, ambayo kwako ni mahali pa kupumzikia, kwake yeye aliyepata kubanwa pumzi ndiyo mahali pa hatari. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, anaona kama anakufa, anakimbia. Kukimbia kwake kulikuwa na akili kuliko zoezi letu.

Na wewe ulimwekea sauti ya mawimbi. Sikulaumu, ulipewa hivyo. Lakini aliyeitengeneza rikodi ile aliwaza wageni waliokuja kupumzika ufukweni; hakuwaza watu ambao bahari ni kazi yao na ni kaburi la jamaa zao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikielekea Pemba, ilizama kwenye mkondo wa Nungwi. Haujatimia hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Ni nyumba ngapi visiwani hapa hazikuguswa na moja ya hizo mbili? Mimi siwekei kundi la watu wa Unguja au Pemba sauti ya mawimbi, wala siwaambii wajione wanaelea majini. Sisemi kwamba hilo ndilo lililompata kijana huyu. Simjui, nawe usimchimbe. Huenda alikuwa na njaa na usingizi tu. Ila hujui, na kwa kuwa hujui, ongoza kila siku kama kwamba chumbani yumo mtu mwenye kidonda.

Nakwambia haya kwa sababu niliwahi kuharibu. Miaka yangu ya mwanzo niliitwa kuwaongoza wauguzi na wakunga wa kituo kimoja. Niliwalaza kwenye mikeka nikawapitisha mwilini kiungo kwa kiungo, nyayo, magoti, mapaja, kwa sauti yangu nzuri niliyoipenda mwenyewe. Nilipofika tumboni mkunga mmoja akainuka, akachukua viatu mkononi, akatoka. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mimba ilikuwa imemtoka wiki tatu nyuma, na alikuwa amesharudi kazini kuzalisha wenzake. Sikuwauliza chochote kabla ya kuanza. Sikuwaambia kwamba wanaweza kuacha macho wazi, wala kwamba wanaweza kuondoka. Tangu siku ile maneno yangu ya kwanza ni hayo.

Mtafute kijana mkiwa wawili, si mbele za watu, si kwa redio koli. Mwambie maneno mafupi: "Siku ile nilikwambia ufumbe macho bila kukuuliza, na halikuwa jambo zuri. Hulazimiki kurudi. Ukitaka kuzungumza nipo, usipotaka hapana neno." Kisha nyamaza. Akikwambia kwamba mambo yale yanamjia na usiku pia, kwamba anaota, anastuka kwa kila kishindo, au anakwepa kupanda boti ambayo ndiyo kazi yake, hapo hahitaji zoezi lako. Anahitaji mtu aliyesomea.

Sasa niseme kinachofanyika mwilini, maana ukikijua hutohitaji kengele wala rikodi.

Chukua asubuhi moja pale kaunta kwako. Saa nne, mgeni katua na ndege ya usiku, chumba hakiko tayari mpaka saa nane mchana. Kompyuta inazunguka. Redio koli inakwaruza, hausikipa anauliza mashuka. Mgeni anagonga kaunta kwa kadi ya benki, tak, tak, tak. Kabla hujawaza chochote, sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala, jina la Kigiriki lenye maana ya lozi kwa sababu ya umbo lake, imeshapiga yowe. Adrenalini inamwagika, moyo unapanda, taya zinakaza, pumzi inahamia juu ya kifua, damu inakwenda kwenye misuli. Mwili haujui kwamba huyu ni mtalii mwenye usingizi. Umejiandaa kwa chui. Na katika hali hiyo sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima maneno, inafanya kazi kwa shida. Ndipo unaposikia mdomo wako ukisema jambo ambalo jioni unalijutia ndani ya daladala.

Kinachoweza kufanyika hapo ni kidogo na ni cha kweli. Tunapovuta pumzi mapigo ya moyo huharakika kidogo. Tunapoitoa hupungua, kwa kazi ya mshipa mrefu wa fahamu unaoitwa vagasi, unaotoka kwenye ubongo ukapita shingoni hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo ukiitoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta, unaukanyagia moyo breki. Mara mbili tatu zinatosha, na mgeni haoni kitu. Jambo la pili ni kulipa jina lile unalolihisi, kimoyomoyo: "hasira", au "naona haya". Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo cha UCLA, Marekani, walionesha kwamba mtu anapoipa jina hisia anayoiona kwenye uso wa mtu pichani, amigdala yake hupunguza makeke. Na la tatu ni nyayo. Zihisi kwenye vigae, baridi yake, uzito wa mwili ulivyogawika kushoto na kulia. Nyayo ni bora kuliko pumzi kwa kundi la watu usiowajua, kwa sababu ni nadra mtu kuogopa nyayo zake.

Hayo ndiyo ya kuwafundisha wenzako: mambo yanayoingia ndani ya kazi, macho wazi, watu wamesimama. Simu ya kaunta ikilia, iache ilie mara moja. Mlio wa kwanza ni wa kutoa pumzi, wa pili ni wa kuinua mkono. Hilo peke yake kwa mtu wa mapokezi linarudiwa labda mara 60 kwa siku, na mafunzo ya namna hii hukaa kwa kurudiwa. Wapishi wana lao: kikombe cha kwanza cha kahawa chungu kinywewe bila simu mkononi, mtu auhisi moto kwenye vidole, harufu ya tangawizi, uchungu unavyotua ulimini. Hausikipa anaweza kuweka kituo mlangoni, mkono kwenye kitasa, pumzi moja, halafu chumba kipya. Walinzi ndio walimu wetu kwa hili, wao wanalipwa kuhudhuria.

Mkitaka la pamoja, lifanyeni wakati wa kupokezana zamu, dakika mbili au tatu, lisizidi. Useme hivi, kwa sauti yako ya kila siku na si ile ya kubembeleza mtoto: "Simameni mnavyopenda. Macho wazi au mtazame sakafu. Asiyetaka aendelee na shughuli yake. Zihisini nyayo. Sikilizeni sauti tatu zilizopo hapa. Toeni pumzi ndefu. Sasa tuambizane: zamu iliyopita imeacha nini?" Na hapo muambizane kweli, chumba kipi kina bomba bovu, mgeni yupi kafiwa. Sehemu hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, kwa sababu watu waliohudhuria wana jambo la kuhudhuria.

Na wewe si mwalimu wa uzingativu, mwanangu, kwa mafunzo ya siku mbili. Wewe ni mwenzao anayewakumbusha. Kaa kwenye nafasi hiyo. Mtu akianza kukufungulia mambo mazito ya nyumbani au ya zamani, msikilize kama dada, umpeleke mbele, usimtibu.

Haya, mwenzako. "Wanatufunza kuvuta pumzi ili tusipige kelele."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijasikia mtu akilieleza tatizo lenyewe kwa maneno machache kuliko hayo. Nitakupa ukweli wa pande zote mbili. Upande mmoja, mazoezi haya si utapeli. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walikusanya majaribio 47 ya mazoezi ya tafakuri, yenye washiriki 3,515, wakaona kwamba uzingativu unapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Ila hawakuona kwamba unazishinda njia nyengine, kama vile mazoezi ya viungo. Kwa maneno mengine, mwenzako anayecheza mpira pwani kila jioni hajapungukiwa na kitu.

Upande wa pili, mwaka 2024 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, William Fleming, alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa taasisi 233 nchini Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki kwenye programu za kazini za kumsaidia mfanyakazi mmoja mmoja, zikiwemo za uzingativu, na wale ambao hawakushiriki. Kwa jumla hali za walioshiriki hazikuwa bora. Yapo ya kubishana hapo, maana ni picha ya wakati mmoja na pengine waliokwenda ndio waliokuwa wamelemewa zaidi. Lakini inaafiki ninayoyaona kwa macho yangu. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilipoueleza uchovu wa kazini unaomkausha mtu, liliuita jambo la kazini, si maradhi, na likasema unatokana na msongo sugu wa kazi ambao haukudhibitiwa vyema. Kazi ikidhibitiwa vibaya, mapafu ya mfanyakazi hayaibebi lawama.

Hebu tupige hisabu ya hotelini kwenu. Zamu inaanza saa moja. Zoezi ni saa moja kasorobo. Ile robo saa ni ya nani? Inalipwa? Anayekuja na daladala kutoka mbali alikuwa akiamka saa kumi na moja. Sasa lazima awahi gari la mbele yake, na kama magari yanapishana kwa nusu saa, umemkata nusu saa ya usingizi ili umfundishe kupumzika. Watu 14, siku sita kwa wiki. Hapo hata mimi ningekataa, na nisingetaja dini.

Kwa hiyo jibu la "niendelee au niache" ni kwamba uache kama lilivyo, na uende kwa meneja na jengine. Menejimenti nyingi za hoteli si watu wabaya; wameona watu wamechoka, wakasikia kuna dawa, wakainunua ile ya bei nafuu. Mwambie ukweli kwa lugha ya kazi. Zoezi liingie ndani ya saa za kulipwa, wakati wa kupokezana zamu, dakika tatu. Liwe la hiari. Na peleka karatasi yenye mambo ya kuhisabika: nafasi tatu zilizo wazi na tangu lini, zamu za masaa 12 ni ngapi mwezi huu, wangapi wameomba ruhusa ya kuumwa, malalamiko ya wageni yamepanda au yameshuka. Wakati wa masika, hoteli zinapopungua wageni, ndio wa kuajiri na kufundisha watu wapya kabla msimu wa Juni haujaingia. Pia ujue kwamba Zanzibar kuna Sheria ya Ajira, namba 11 ya mwaka 2005, inayozungumzia saa za kazi na mapumziko, na kuna Kamisheni ya Kazi ya kuuliza. Usiitaje kwa meneja kama fimbo siku ya kwanza. Ila ijue.

Kuna jambo moja ambalo wanaonunua mafunzo haya huwa hawaambiwi. Ukimfundisha mtu kuuhisi mwili wake sawasawa, hatohisi pumzi peke yake. Atahisi na mgongo wake saa ya kumi na moja ya zamu. Ataona wazi kwamba anachokihisi ni dhulma, si udhaifu. Mwenzako aliyesema yale maneno mbona amezingatia vizuri tu? Mwambie hivyo. Pengine ndiye wa kukaa nawe kuandika ile karatasi.

Nimalizie na ya hospitali. Mtu yeyote kati yenu, nawe ukiwemo, ambaye kwa wiki mbili hapati usingizi, au hawezi kula, au anaamka na uzito ambao hauondoki. Anayepatwa na ile mitetemeko mara kwa mara. Anayeanza kutumia pombe au vidonge ili apate usingizi: asiendelee na mazoezi, aonane na mtu uso kwa uso. Maumivu ya kifua yapimwe moyo kwanza, yasipewe jina la wasiwasi na mtu wa mapokezi wala na mimi kwa barua. Anayesema afadhali afe, au kwamba watu watapata nafuu asipokuwepo, haachwi peke yake siku hiyo hiyo, anasindikizwa. Aanzie kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, Unguja au Pemba, na huko wataelekeza mbele. Kwa Unguja hospitali ya afya ya akili ni Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linavyotajwa kwa utani mitaani, na najua wangapi wamechelewa kwa kuogopa kuonekana getini. Kama kinachomzuia ni hicho tu, afuatane na mtu anayemwamini, mwendo wa kwanza ndio mzito.

Na lile la kusinzia ukiwa umekaa kufuata pumzi, ambalo umelitaja kwa kuona haya: umefanya masaa 72 wiki hii. Mwili umepata dakika ya kwanza ya kimya ukaitumia kwa jambo unalolihitaji zaidi. Siku yako ya ofu usifanye zoezi lolote. Zima simu, lala.